Kiini

Jana saa mbili usiku kompyuta iliniuliza kwa adabu:
nijisasishe?
Nikabonyeza ndiyo
kama mtu anayeitikia hodi akiwa jikoni,
mikono imejaa unga.

Ikazima, ikawaka. Kiini kipya.
Kila kitu mahali pake: saa, picha ya Mlima Elgon,
orodha ya wakulima mia nne na kumi na wawili
na kilo zao za kahawa, hadi nukta ya mwisho.
Handaki tu ndilo halikufunguka,
ile njia ya siri tunayopitishia malipo
kutoka hapa Kimilili hadi benki,
programu ya watu tusiowajua,
tunayoilipia kila Januari kwa dola
na hatujawahi kuona ndani yake.

Kwanza ilinidanganya.
Ikawasha taa ya kijani: Umeunganishwa.
Nikatuma. Kimya.
Nikaita seva kwa nambari yake, mara nne,
mara nne haikuitika.
Hapo nikaelewa kwa nini lugha yetu
imetia kiini na macho katika neno moja.

Nikafanya yale yanayofanywa.
Nikaizima, nikaiwasha. Nikaing'oa, nikaipanda upya.
Nikafungua kumbukumbu zake, mistari elfu na ushei,
nikaisoma kama achambuaye maharagwe
akitafuta jiwe.
Jiwe lilikuwa mstari wa mia tisa na tatu:
kipande kimoja kimeshonwa
kwa vipimo vya kiini cha zamani.
Kipya kimenenepa kidogo kifuani.
Vifungo havifiki.

Ningepewa msimbo wake ningefumua mshono,
ningeongeza kitambaa, basi.
Lakini umefungwa.
Kahawa ina utu kuliko hii:
unamenya ganda jekundu, unaosha utelezi,
unaanika, unakoboa,
na mwishowe buni iko kiganjani,
haina cha kukuficha.

Nikawapigia wenyewe. Muziki.
Simu yako ni muhimu kwetu. Muziki.
Dakika ya thelathini na moja mtu akaniuliza
natumia mfumo gani, toleo gani.
Nikamwambia.
Akasema hilo bado hatulitambui,
jaribu robo ijayo ya mwaka.
Robo ijayo!
Na mimi ndiye niliyesimama mkutanoni Jumanne,
tai shingoni,
nikasema: Ijumaa, kabla ya chai ya saa nne.

Saa tisa usiku Masibo, mlinzi, aliingia na thermosi.
Akatazama skrini kama mtu anayetazama
mgonjwa wa jirani, asijue ashike wapi.
"Ile ya jana iko wapi?"

Nikataka kucheka.
Kisha sikucheka.

Nikaizima. Nikakandamiza Shifti, nikaiwasha,
ikatoa menyu nyeusi nisiyoiona miaka mitatu,
na pale, chini ya kipya,
kiini cha zamani kimekaa.
Hakuna aliyekifuta.
Hakuna aliyekiaga pia.

Saa kumi na dakika saba handaki likafunguka.
Malipo yakapita, mmoja baada ya mwingine,
Sitawa Nabangala katikati yao,
kilo mia tatu na sita nukta tano,
na mtu fulani Khaoya wa kilo kumi na moja
ambaye huwa anakuja mapema kuliko wote.

"Imepona?" Masibo akauliza.
Haijapona. Nimeirudisha jana.
Na jana ina tundu. Ndiyo maana kipya kililetwa,
kuziba tundu ambalo mwizi wa mbali
huenda ameshalipima kwa kidole.

Nimekifunga kiini hiki kisibadilishwe.
Nimeandika kwa kalamu nyekundu USIKUBALI,
nikabandika karatasi juu ya skrini.
Gundi yenyewe mbovu.
Kila mlango ukifunguliwa
pembe moja inainuka,
kama mkono wa mwanafunzi
mwenye swali.