Daftari la Warsha Saba

Barua ilikuja Jumanne, ina muhuri wa bluu.
Niliisomea juu ya mashine ya kuranda,
vumbi la mninga likitua kwenye aya ya tatu:
"mnaendesha bima bila leseni."

Bima! Sisi tuliita kapu.
Warsha saba za Pasua, vibarua na mafundi thelathini na mmoja:
maseremala wangu wanne, wachomeleaji wa Kawiche,
mabinti wa Mama Ndeshi wanaooka mikate usiku,
fundi viatu na kijana wake mmoja.
Ukienda peke yako na watu wanne,
kampuni ya bima inakutazama kama mteja wa nyama ya mia mbili.
Basi tukachanga. Elfu nane kwa kichwa, kila tarehe tano.
Daftari nikapewa mimi, eti mwandiko wangu unasomeka.

Machi: jicho la Elinami, cheche, laki mbili na kumi.
Juni: Nakiete, upasuaji, mtoto wa kike, kilo tatu.
(Uzito haukuhusika. Niliuandika tu.)
Agosti hakuna. Septemba hakuna,
tukajiona matajiri.

Afisa alikuja, binti wa umri wa mwanangu.
Alipekua kurasa zote, kwenye zile kilo tatu hakucheka.
"Lori likipinduka na watu wenu kumi, je?"
"Tutachanga tena."
"Nani? Hao kumi?"

Nikamchukia mpaka saa kumi jioni.
Saa kumi nikamkumbuka kaka yangu Anaeli
na chama chao cha Kiborloni,
mweka hazina mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu,
aliyeondoka na basi la alfajiri.
Kaka alifia wodini, risiti zote ziko chini ya mto.
Wakati ule hakuna aliyemwandikia mtu barua.

Sasa wanataka mtaji
ambao tungekuwa nao tusingekuwa Pasua,
au tuingie chini ya kampuni iliyosajiliwa.
Siku tisini. Mpaka hapo
hakuna kukusanya, hakuna kulipa.

Jana kijana wa fundi viatu amekohoa kutwa nzima.
Nimeandika tarehe, nimeandika jina,
safu ya kiasi nimeiacha wazi.
Kisha nikatoa elfu tatu, zangu, za mfukoni:
"Hii si bima, umesikia? Ni nauli ya bodaboda."
Akazikunjua, akazitazama.
"Ya kwenda," akasema.