Ombi la Mita Moja na Nusu

Nambari ya kiwanja nimejaza.
Jina nimejaza: Dorsila Apondi Rading', mjane, wa Otonglo.
Penye "matumizi ya sasa" nimeandika makazi,
nikafuta, nikaandika makazi na mahindi,
maana karani wa Kisumu hajui kuna mahindi.

Penye "sababu za kuomba kulegezewa kanuni"
wameniachia mistari miwili.
Miwili tu, na wa kwanza umeliwa na muhuri.

Karatasi ingekuwa pana ningesema:
mji ulinikuta hapa,
nikaupokea kama mgeni asiyebisha hodi.
Nilipoolewa, ukisikia lori usiku
ulijua upepo umegeuka.
Kisha wakaja vijana na kopo la rangi nyekundu,
wakapaka mawe, wakapaka ukingo wa kisima,
na asubuhi moja nikaamka mtu wa manispaa
bila kuhamisha hata godoro.

Kanuni yasema jengo lisimame mita tatu kutoka mpakani.
Kanuni nzuri. Moto ukizuka, gari la zimamoto lipite.
(Sijaliona likipita Otonglo, lakini kanuni ni kanuni.)
Ila ukitoa mita tatu ubavuni,
ukatoa sita mbele kwa barabara itakayokuja,
vyumba vyangu viwili vya kupangisha
vinamkalia Rading' kifuani.

Ramani ya kaunti haimwonyeshi.
Mpimaji, kijana mpole aitwaye Wafubwa,
aliikanyaga saruji kwa ncha ya kiatu, akauliza:
"Mama, hiki kinaweza kuhamishwa?"
Nikamwambia, alipokuwa hai
nilishindwa kumhamisha kwenye kiti chake.
Akacheka. Akaona haya. Akakunja futi yake
akapima upya, akizunguka kwa mbali.

Ikabaki sahihi ya jirani.
Fomu yataka jirani aseme hana pingamizi,
na Obuya ana pingamizi na jogoo wangu,
na moshi wangu,
na ndama aliyemmalizia sukuma wiki.
Miaka sita salamu yetu ni kukohoa.

Nilimpelekea karatasi, sikumpelekea maneno.
Aliisoma yote, hata herufi za sisimizi zile za chini,
miwani yake imeshikwa na uzi sikio la kushoto.
Kisha swali moja:
"Maji ya paa yataangukia wapi?"
Kwangu, nikasema. Nitaweka mfereji.
"Andika."

Nikaandika.
Ndiyo maana mistari yangu miwili ya sababu
imejaa mfereji wa bati, geji thelathini,
na marehemu hakupata hata nukta.

Alhamisi kamati itakaa.
Tangazo limekaa langoni siku zake kumi na nne,
limepauka, mbuzi amekula kona yenye tarehe.
Risiti ya ada iko ndani ya mkebe wa majani ya chai.
Wakikataa, kuna rufaa; rufaa nayo ina fomu.
Wakikubali, Obuya atasikia wapangaji wangu
wakisukutua alfajiri.

Jioni hii nimepigilia vigingi, nikavuta uzi,
nione tu ukuta utakavyokaa.
Umepita shubiri mbili kutoka kichwani pa Rading'.
Ng'ambo ya ua mtu akakohoa.
Nikakohoa.
"Uzi umepinda," akasema Obuya.
"Vuta kidogo huku."