Namba ya Ukwatoni

Jina lako halimo katika lile jiwe, babu.
Wewe ulirudi.
Jiwe la uwanja wa kanisa lina majina thelathini na moja,
na kila mkesha wa Krismasi tunawasha mishumaa juu ya theluji,
kijiji kizima, hakuna anayepaza sauti,
kana kwamba walio chini wana usingizi mwepesi.

Shuleni tuliambiwa tuwaulize wazee wetu kuhusu vita.
Nikaja na daftari, penseli imechongwa.
Ulikuwa unamenya kiazi cha moto,
ukikihamisha kiganja hadi kiganja.
Babu, uliua wangapi?
Ukapuliza kiazi.
"Niliendesha farasi," ukasema.
Nikaandika hivyo. Mwalimu Rauha akaniwekea alama ya kuuliza
kwa wino mwekundu.

Farasi mwenyewe alikuwa Vilppu,
wa kahawia, ana doa jeupe puani kama aliyenusa unga.
Serikali iliwaandikisha nyote wawili asubuhi moja:
wewe ukapewa koti lenye mikono mifupi,
yeye akachomwa namba ukwatoni,
mia nne na kumi na saba.
Bibi Hilja alisimama mlangoni, akamuaga farasi kwanza.
Farasi, alikuja kusema, hakujua anakopelekwa.
Yule mwingine alijua.

Mengine niliyapata kwa kudonoa,
haba na haba, na kibaba hakijajaa.
Kwamba mlikwenda mbele na sleji ya risasi na mikate,
mkarudi na sleji ya watu.
Kwamba baridi ilishuka hadi arobaini chini ya sifuri,
maiti wakawa wagumu kama kuni,
na kama kuni mliwapanga
(hapo ulinyamaza, ukaomba chumvi).
Kwamba vijana wa kwetu uliwatambua kwa viatu,
si kwa nyuso,
maana viatu vya kijiji kizima alishona baba yako,
na mshono wake uliujua hata gizani, kwa kidole.

Nikisoma majina ya jiweni siku hizi
nahesabu jozi.

Halafu usiku ule wa hospitali, dirisha limeota barafu,
ukanishika mkono, ukaniita kwa jina la dada yako.
Alvar, mwana wa Saimi, hakusema neno, ukasema.
Nilimkuta ameshaganda, kinywa kimejaa theluji.
Nikamfunika blanketi la Vilppu.
Vilppu akatetemeka njia nzima.
Na mimi, kufika mlangoni, nikamwambia mama yake:
alikuita.

Saimi aliishi miaka arobaini na neno hilo,
akilikoroga katika kahawa yake kama sukari.
Njia ya mwongo ni fupi, husemwa.
Yako ilikuwa kilomita thelathini na mbili,
usiku, kwa miguu, ukimvuta farasi asiye na blanketi.

Mwaka huu nimewasha mshumaa mmoja zaidi,
kando kidogo, pale theluji inapokanyagwa na wapitao.
Mchungaji akauliza ni wa nani.
Wa aliyewaleta, nikasema,
na sikumwambia kama ninamaanisha wewe au farasi.

Maana Vilppu alirudi pia, watu husahau.
Masika alilima shamba la viazi kama kawaida,
ila alikataa kupita karibu na rundo la kuni.
Na ukwato hukua, babu, kama kucha.
Kila mwezi namba ilishuka kidogo,
mia nne na kumi na saba ikielekea ardhini,
hadi siku mhunzi alipopitisha kisu
kipande kikaanguka,
mbwa akakidaka, akaenda kukitafuna nyuma ya ghala.
Bibi aliniambia ulisimama pale ukimtazama yule mbwa,
mikono mfukoni,
akakuita mara mbili, mara tatu,
mpaka uji ukapoa.