Kikapu

Mvua ya Tukuyu haibishi hodi.
Imeingia darasani kabla ya wanafunzi,
imekaa nyuma, inadondoka ndani ya sufuria
aliyoitega mpishi wa shule.
Kompyuta nne, watoto kumi na mmoja,
na mimi, niliyejifunza haya mwaka jana tu,
nimewatangulia kurasa tatu.

Nasema: kioo hiki ni shamba.
Tunaanza kuhesabu kona ya juu, kushoto. Sifuri, sifuri.
Ukienda kulia, namba inakua.
Ukienda chini, namba inakua pia.
Tusajigwe anakunja uso:
“Chini, halafu inakua?
Kwenye daftari la hisabati namba kubwa ziko juu.”
Sina jibu la kitabuni. Namwambia,
fikiria unashuka kutoka Rungwe kwenda Kyela,
unahesabu hatua zako, si urefu wa mlima.
Anakubali nusu.
Nusu hiyo naipokea.

Basi tunachora. Mstatili ni kikapu:
upana themanini, kimo ishirini.
Duara ni parachichi, nusu kipenyo kumi.
(“Parachichi haliko hivyo,” anasema Lugano,
ambaye kwao wanauza kwa kreti. “Lina shingo.”
Shingo tutaiweka wiki ijayo.)
Kila kioo kinapojichora upya, ongeza tano kwenye wima.

Linaanguka!
Darasa zima linapiga kelele
kana kwamba halijawahi kuona parachichi likianguka,
watoto hawa wanaolala chini ya mabati
yanayopigwa na maparachichi usiku kucha.

Kama kitovu cha duara kimo ndani ya mstatili,
basi, alama moja.
Moja. Mbili. Tisa.
Lugano anachoka na ulegevu huu,
anafuta tano, anaandika hamsini.

Parachichi linashuka kama jiwe,
linafika kikapuni, linatokea chini yake.
Alama: tisa.
Tena. Tisa.
“Kikapu kimetoboka.”
“Kimerogwa hicho.”
Nafungua ukurasa wa nne, ambao sijausoma.

Bupe, ambaye tangu Jumatatu hajatamka neno,
anachukua chaki, anapiga magoti sakafuni.
Kikapu: mia tatu na sitini mpaka mia tatu na themanini.
Nukta, mia tatu.
Nukta, mia tatu na hamsini.
Nukta, mia nne.
“Halijapita ndani, mwalimu,” anasema.
“Lilikuwa hapa. Halafu likawa hapa.
Hapa katikati halikuwahi kuwepo.”

Hakuna anayecheka.
Baba yake anaendesha lori la saruji.
Jumatatu yuko Songwe, Jumatano yuko Kasumulu,
na barabara ile inapita mlangoni kwao.

“Tupunguze mwendo,” anasema Tusajigwe.
“Turefushe kikapu,” anasema Lugano, kwa sauti ndogo.
Bupe anatikisa kichwa.
“Tusiulize limefika wapi.
Tuulize limepita wapi.”

Nageukia kibodi kuliandika hilo,
na ndipo umeme unakatika,
vioo vinne vinakuwa vyeusi, sufuria inafurika,
mtu anakimbia nayo nje.

Sakafuni, kwa mwanga mchache wa dirisha,
Bupe anaunganisha nukta na nukta.
Mstari wa chaki unakata ukingo wa juu wa kikapu,
unakata na wa chini.
Anaugusa kwa kidole, pale ndani.

“Moja,” anasema.