Sahihi

Juu ya kitanda cha Toivo Lahtinen
kuna karatasi ya njano: ASIPEWE KITU KWA MDOMO.
Siku ya tatu leo. Kiharusi kimemwachia nusu ya uso
na kiu nzima.

Mimi ndiye wa koo. Ndivyo wanavyoniita ghorofa ya nne,
kwa kuwa jina la kazi yangu ni refu kuliko kitambulisho.
Naja na kijiko, na barafu ya kusagwa,
na vidole viwili ninavyoviweka chini ya kidevu chake,
pale kongomeo linapopanda mtu akimeza,
kama lifti ya jengo kuukuu:
inasita, inakwama,

imepanda.
Nangoja kikohozi. Hakiji.
Sema aaa. Sauti kavu, haina maji ndani yake.
Mara ya pili. Mara ya tano.
Sasa najua, kama fundi ajuavyo bomba kwa kuligonga:
mzee huyu atakunywa. Kitu kizito, kijiko kidogo, kidevu chini.

Najua. Ila barua yangu, kwenye faili la ofisi ya chini,
yasema: anaweza kupima, anaweza kupendekeza.
Kuagiza, hapana.
Barua yenyewe niliingoja miezi minne.
Walitaka vyeti, bima, majina ya watu watatu wanaonijua kazini,
kisha wakanipigia kura chumba nisimokuwamo,
Jumanne, baada ya chakula cha mchana.
Sikuona ubaya. Nilikotoka, mtu asiye na karatasi
alimlisha mama mmoja supu,
supu ikashukia mapafuni.
Kitasa hakikuwekwa mlangoni kwa urembo.

Lakini leo niko nje ya mlango huo
na kijiko mkononi.

Daktari Voss yuko kwenye upasuaji.
Ardis, muuguzi, anapiga simu, anakata, anapiga.
Dirishani Duluth imezibwa na theluji,
meli ya madini imenasa kwenye barafu ya ziwa,
na Toivo, aliyechimba chuma miaka thelathini na mmoja,
anaitazama meli, anakitazama kijiko, ananitazama mimi.
Haombi. Afadhali angeomba.

Niko sahihi, najiambia.
Kinachokosekana ni sahihi.

Ikaja baada ya karibu saa mbili, kwa simu,
mkwaruzo mmoja wa kidole kwenye kioo.
Hakuuliza kitu. Labda alisoma mstari wangu wa kwanza,
labda hata huo hakuusoma.

Narudi na kahawa niliyoikoroga kwa unga wa dawa
hadi ikawa uji. Imepoa.
Kidevu chini, Toivo.
Chini ya vidole vyangu lifti inapanda.

Anafumba macho. Ile nusu ya mdomo inayomtii
inajikusanya, inatetemeka.
"Mbaya," anasema.

Neno la kwanza tangu Jumapili.
Ardis anacheka hadi anaegemea ukuta.
Mimi nalichukua faili, naliandika neno hilo
pamoja na saa yake.
Kuandika naruhusiwa.