Kamba ya Pili

Rufina Taitague anakoroga mwani na unga wa ngisi,
anakata vipande ishirini, sawasawa kama kashata.
Kumi anavitia matone yenye rangi ya chai iliyolala,
yaliyokamuliwa kwenye tumbawe laini:
halina jino, halina ganda,
nyama tupu mbele ya midomo elfu.

Ghuba ya Pago, maji kiunoni.
Kwao tasi ni bahari, kwetu tasi ni samaki;
nilipomwambia alicheka
hadi miwani ya kuzamia ikaingia maji.

Kamba ya kwanza pono waliimaliza kabla sijapepesa.
Kwenye ya pili akaja bunju,
bunju mwenyewe, abebaye sumu tumboni,
akauma, akatema.
Akazunguka. Akauma tena, kama asiyeamini.
Akatema.

“Haliui,” akasema Rufina. “Linakataa tu.”

Usiku, nikiosha vikombe vya maabara,
niligusa tone kwa ncha ya ulimi,
nikamwona mama, shubiri chuchuni,
akimwachisha ziwa mdogo wangu.
Mtoto akauma, akatema,
akainua macho kumtazama.
Mama akageukia ukuta.