Chonge

Mimi ni daktari wa meno mjini Kemi, kaskazini mwa Ufini,
miaka hamsini na mitatu, shahada ukutani,
na katika droo ya tatu, chini ya glavu na pamba,
naficha riwaya yenye jalada jeusi na kufuli la fedha
iliyoandikiwa wasichana wa miaka kumi na minne.

Ni mbovu, najua. Usinifundishe.
Ukurasa wa tisa macho ya kijana ni ya kijivu,
ukurasa wa arobaini yamekuwa kijani
na hakuna aliyeshtuka.
Ana miaka mia na thelathini, bado anafanya mtihani wa hesabu:
karne nzima, na kipeo cha pili hakijamwingia!
Neno "marumaru" nimelihesabu, mara thelathini na sita.
Msichana huteleza kila sura,
utadhani sakafu za shule ile hupakwa siagi.
Usiku kijana hupenya dirishani kumtazama amelala,
na mwandishi huyaita hayo mapenzi.
Angekuwa binti yangu, ningewaita polisi,
kisha ningemngojea pale dirishani na koleo la magego.

Na hizo chonge! Hutoka na kurudi kama makucha ya paka.
Zinarudi wapi? Pale pana mfupa, pana mzizi,
pana neva ambayo ikiguswa
hata asiyekufa atamwita mama yake.
Mswaki haumo kitabuni. Damu ya karne na zaidi,
na pumzi yake, eti, yanukia mdalasini.

Lakini Desemba, saa nane mchana,
jua likishafunga duka,
mgonjwa wa mwisho akishaondoka na nusu ya mdomo iliyokufa ganzi,
nageuza ufunguo, navuta droo,
nalala kwenye kiti cha wagonjwa, nawasha taa kubwa,
nasoma mdomo wazi.

Juzuu ya tatu niliingoja maktabani wiki saba.
Nilikuwa wa kumi na mbili kwenye orodha.
Nikasema ni ya mpwa wangu.
"Mwaka huu wapwa ni wengi," akajibu mkutubi,
akagonga muhuri bila kuinua macho.

Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili
ikaniangukia kifuani kadi ndogo.
Kadi ya kliniki yangu. Mwandiko wangu:
*Tauno Ylitalo, Alhamisi, saa nne asubuhi.*

Tauno! Mstaafu wa kiwanda cha karatasi, miaka sabini na mmoja,
ambaye kwa miaka ishirini ameniambia maneno mawili,
"hapa" na "hapana."
Na pambizoni, pale kijana anapogeuza uso asimng'ate,
kwa penseli iliyokandamizwa hadi ikatoboa:
*Mjinga wewe.*
Na chini yake, kwa wino, mkono wa mtu mwingine kabisa:
*Ngoja sura ya ishirini.*

Sikuendelea kusoma. Sijui kwa nini.
Nilirudisha kadi mahali pake kama mtu aliyefungua bafu lenye mwenyewe.

Alhamisi akaja, buti zikidondosha theluji.
Nikamlaza, nikamtia pamba, kioo, ndoano ya ukoga,
vidole vyangu viwili shavuni mwake,
nikauliza, nikiliangalia gego wala si uso:
"Hivi mwishowe anamng'ata?"

Bomba la kunyonya mate likapiga mluzi.
Masikio ya Tauno yakaiva, moja, halafu la pili.
Kisha akainua mkono kutoka kwenye kiti,
akakunjua vidole vitano, akavifumba,
akavikunjua tena. Tena.
Mara ya nne akauacha mkono hewani, umekunjuka,
kama mtoto anayelijua jibu darasani.

"Sukutua," nikamwambia.
Akasukutua, akatema.
Damu kidogo ya ufizi ikazunguka beseni,
na tukaitazama, sisi wawili watu wazima,
muda mrefu kuliko ilivyohitajika.